Somo la jikoni: pilipili boga za kujaza, mchuzi wa korosho, na daraja la kwanza



Somo la leo tunalianzia jikoni. Najua wapo watakaosema bibi shamba leo kapotea njia. Hapana. Mkimaliza kusoma mtaona kwamba nimekuja shambani kwa mlango wa nyuma tu.

Msimu uliopita vijana sita hapa Tibirinzi walilima pilipili boga, hii ambayo wenzetu wa bara wanaiita pilipili hoho. Mmoja wao aliingia kwa pesa ya mama yake, pesa ya karafuu, ambayo mama alikuwa kaiweka kwa ajili ya kuezeka nyumba. Miche ilishika vizuri, ikazaa. Wakapata mnunuzi anayepeleka mboga mahotelini Unguja. Siku ya mzigo wakampelekea matenga manne. Yule bwana akachagua, akachagua, akaondoka na lisilofika tenga moja. Yaliyobaki yakauzwa sokoni Chake kwa mafungu, tena jioni, kwa bei ya kutupa.

Wakanijia na hasira. "Bibi shamba, wametuonea. Pilipili si pilipili tu?"

Nikajilaumu kidogo. Nilikuwa nimewafundisha kitalu, mbolea na dawa, lakini sikuwahi kuwafundisha mnunuzi anatafuta nini. Nikawaambia: Jumapili kila mmoja aje na pilipili boga tano kutoka shambani kwake, asichague. Tutapika, na sufuria ndiyo itakayoamua nani kamuonea nani.

Chakula chenyewe

Nilichagua chakula cha Meksiko kinachoitwa chiles en nogada. Ni pilipili kubwa iliyochomwa, ikamenywa, ikajazwa nyama, halafu ikamwagiwa mchuzi mweupe mzito wa jozi, zile kokwa za nchi za baridi. Juu wanatia punje za komamanga na majani mabichi. Kijani, nyeupe na nyekundu, ndizo rangi za bendera yao.

Kwa nini Meksiko? Kwa sababu pilipili kwao ndiko nyumbani. Pilipili boga, pilipili kali, zote asili yake ni Amerika, na Wareno ndio walioziletea safari mpaka pwani zetu. Mkorosho nao ni hivyo hivyo, umetoka Brazili. Kwa hiyo hapa Pemba tunalima vitu viwili vya bara moja, na hatujawahi kuvikutanisha kwenye sahani.

Chakula hiki ni cha mji wa Puebla. Husimuliwa kwamba watawa wa mji huo walimpikia Agustín de Iturbide mwaka 1821, mwaka ambao Meksiko ilipata uhuru wake. Kisa ni chao, wacha wasimulie. Mimi kilichonivutia ni kalenda. Watu wa Puebla wanakila Agosti na Septemba, kwa sababu ndipo jozi mpya na komamanga vinapokuwa tayari. Wakulima watatu tofauti, wa pilipili, wa jozi na wa komamanga, wanauza kwa wakati mmoja kwa sababu ya sahani moja. Hilo ni soko, vijana.

Wale wenye jamaa Maskati watasema hii ni mahshi tu. Ni ndugu zake, kweli. Tofauti ni kuchoma, kumenya na mchuzi wa baridi.

Vitu vinavyohitajika (watu sita mpaka wanane)

Pilipili boga 10 kubwa. Kwao wanatumia aina iitwayo poblano, ambayo ina ukali kidogo. Ya kwetu haina ukali kabisa, kwa hiyo tia pilipili mbuzi moja kwenye nyama ukipenda.

Ya kujaza:
- kima ya ng'ombe nusu kilo
- vitunguu maji 2, thomu punje 4, tangawizi kipande kidogo
- tungule 3
- ndizi mbivu moja ya mkono wa tembo, ikatwe vipande vidogo
- zabibu kavu kiganja kimoja
- mdalasini kijiti kimoja, karafuu 3, pilipili manga, chumvi, mafuta

Mchuzi:
- korosho mbichi zilizobanguliwa, gramu 200, zisiwe za kukaanga wala za chumvi
- maziwa yaliyochemshwa yakapoa, kikombe kimoja, au tui zito
- ndimu nusu, chumvi, sukari kijiko cha chai kimoja, mdalasini wa unga kidogo

Juu: punje za komamanga na majani ya kotmiri. Komamanga ukikosa, chukua pilipili boga iliyoiva nyekundu, uikate ndogo ndogo.

Tahadhari mbili kuhusu korosho na njugu. Kwanza, usibangue korosho mwenyewe kienyeji kwa mikono mitupu. Ganda lina mafuta yanayounguza ngozi. Nunua zilizokwishabanguliwa. Pili, ukitumia njugu badala ya korosho, chagua punje moja moja. Yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi itupe, kwa sababu ya sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika wala kukaanga. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, kwa hiyo hili si jambo la kufanyia mzaha.

Namna ya kupika

1. Roweka korosho kwenye maji ya moto kwa saa nzima au zaidi.

2. Bandika kima. Kaanga vitunguu, thomu na tangawizi, tia nyama na viungo, ikikauka tia tungule. Mwisho tia ndizi na zabibu. Iache iwe kavu kama ya sambusa. Ikiwa na maji, itachuruzika ndani ya pilipili.

3. Washa seredani. Makaa yakishika vizuri, weka pilipili boga juu ya waya na ugeuze mpaka ganda liwe jeusi na litoe malengelenge pande zote. Usiogope weusi, ni ganda la juu tu.

4. Zitie sufuriani zikiwa za moto, funika dakika 10. Mvuke utalegeza ganda. Menya kwa vidole. Usizioshe kwenye maji mengi, utaondoa ladha yote ya moshi.

5. Pasua ubavu mmoja kwa kisu, usifike kwenye kikonyo wala kwenye kitako. Toa mbegu na ule utando mweupe wa ndani taratibu.

6. Jaza nyama, funga kwa kijiti, panga kwenye sufuria pana, funika, weka moto mdogo dakika 10. Wenyewe Meksiko wengi huzichovya kwenye yai na kukaanga. Sisi tuliruka hatua hiyo.

7. Mwaga maji ya korosho, zisage kwenye blenda pamoja na maziwa, ndimu, chumvi, sukari na mdalasini. Uwe mzito kama mtindi. Mchuzi huu hauendi motoni, kwa hiyo usiukalishe sana nje. Mwagia pilipili wakati wa kula, kisha nyunyiza komamanga na kotmiri.

Sufuria ilivyotoa hukumu

Tulianza na pilipili 30, za vijana sita. Nikaweka karatasi ukutani, kila inayoharibika tunaandika kwa nini.

Saba zilichanika wakati wa kumenya. Ukuta wake ulikuwa mwembamba kama karatasi, ganda likaondoka na nyama yake. Tano zilikuwa zimepinda, huwezi kuzijaza wala hazikai sufuriani, zinaanguka upande. Nne zilikuwa na doa jeupe lililolainika, na moto ulipopita likawa tundu. Tatu tulipozipasua, mbili tukakuta funza na moja ina kitako cheusi. Zilizobaki nzima mpaka mezani ni 11.

Kumi na moja katika thelathini. Yule mnunuzi alichukua chini ya tenga moja katika manne. Hesabu zinakaribiana.

Nyumba ilinyamaza. Kijana mmoja, huyo huyo wa pesa ya karafuu, akaishika moja iliyochanika akaiangalia. Akasema, "Kumbe mpishi wa hoteli angefanya nini na hii?" Nikamwambia hilo ndilo swali ambalo mkulima wa biashara anatakiwa ajiulize kabla ya kununua mbegu.

Anayeuza kitu ambacho hajawahi kukipika hajui anauza nini. Anajua uzito wake tu.

Kutoka sufuriani kurudi shambani

Sasa tuchukue makosa yale moja moja.

*Ukuta mwembamba.* Sababu ya kwanza ni mbegu. Ukinunua mbegu usiyoijua kwa sababu ni rahisi, au ukitoa mbegu kwenye tunda la sokoni, hujui utavuna nini. California Wonder ni aina inayopatikana kwetu, ina umbo la pembe nne na ukuta mnene ikitunzwa. Sababu ya pili ni haraka. Tunda linafika saizi kabla ukuta haujanenepa. Libonyeze: likiwa limekomaa ni gumu, linang'aa, na ukiligonga kwa kidole halibonyei. Kwa kawaida unaanza kuvuna siku 70 mpaka 90 baada ya kupandikiza. Ya tatu ni njaa na kiu. Urea nyingi peke yake inakupa majani mazuri ya kupiga picha. Tunda linataka samadi iliyooza vizuri na mbolea yenye potashi pia.

*Umbo lililopinda.* Hapa mara nyingi kosa ni la ua. Joto likizidi nyuzi 32 maua hudondoka, na yanayobaki hayachavushwi sawasawa, tunda linakua upande mmoja. Vijana wetu walipandikiza ili mmea utoe maua wakati wa kaskazi, jua kali kabisa. Kwetu wakati mzuri wa maua ni kipupwe, Juni mpaka Agosti, upepo wa baridi. Kwa hiyo otesha kitalu mwezi wa Aprili chini ya kichanja kinachozuia mvua ya masika, hamisha miche ikiwa na wiki 5 au 6, mwisho wa Mei au Juni mwanzoni. Utaanza kuvuna Agosti. Umeona? Ni msimu ule ule wa Puebla.

*Doa jeupe lililolainika.* Hiyo ni kuungua na jua. Tunda limekosa kivuli cha majani, ama kwa sababu majani yamepukutika kwa ugonjwa, ama mmea umelala. Panda kwa nafasi ya sentimita 45 kwa 60, usiondoe majani ovyo, funga mmea kwenye mti ili matawi yasivunjike. Na ukishavuna, weka kivulini palepale. Tenga lililokaa juani saa mbili linaunguza tunda ambalo shambani lilikuwa salama.

*Kitako cheusi.* Wengi hukimbilia dawa ya ukungu. Hapana. Mara nyingi ni maji yasiyo na mpango: leo unamwagia kupita kiasi, siku nne unasahau. Mmea unashindwa kusafirisha chokaa mpaka ncha ya tunda. Mwagia kwa kiasi na kwa ratiba, tandaza majani makavu au makumbi ya nazi kwenye shina, na urea punguza.

*Funza.* Yule anaingia tunda likiwa dogo, halafu kitundu kinakaribia kuziba. Kagua shamba mara mbili kwa wiki, okota matunda yaliyotobolewa na uyafukie mbali. Ukilazimika kupiga dawa, soma kibandiko na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Tunda hili huliwa mpaka ganda lake. Atakayekula ni mtoto wa mtu.

Na jambo la jumla: usirudie pilipili boga mahali ulipotoka kulima tungule, bilinganya au mbatata. Zote ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni mamoja. Pokezanisha na mahindi au kunde.

Kuvuna na kupanga daraja

Vuna asubuhi mapema, umande ukishakauka. Tumia kisu au mkasi, acha kikonyo kifupi juu ya tunda. Ukivuta kwa mkono unavunja tawi, na tunda lililokosa kikonyo linaanza kuoza juu. Usioshe. Usitie kwenye polo, zinapondana. Tumia kreti au tenga lililotandikwa majani ya mgomba. Ukiwa na jokofu, nyuzi 7 mpaka 10 zinatosha. Chini ya hapo tunda linaumia kwa baridi.

Halafu gawa mafungu matatu:

- La kujaza: pembe nne, kitako kinachokaa bila kuanguka, ukuta mnene, halina doa. Kati ya tano na saba zinatimia kilo.
- La kukata: limepinda au ni dogo lakini ni gumu na zima. Hili ni la pilau, pizza na kachumbari.
- La leo: lina doa dogo au limeanza kulegea. Liuze leo kwa majirani na mama lishe, usilichanganye.

Tufanye hesabu ya mfano. Bei ni za kufundishia tu, weka za soko lako. Tuseme una kilo 40. Ukiuza zote zimechanganyika kwa shilingi 1,500 unapata 60,000. Ukizipanga: kilo 15 za kujaza kwa 3,000 ni 45,000. Kilo 17 za kukata kwa 1,500 ni 25,500. Kilo 8 za leo kwa 800 ni 6,400. Jumla 76,900. Mbegu ile ile, maji yale yale, umeongeza 16,900 kwa kukaa kivulini na kuchagua. Na lililo kubwa zaidi ya hiyo pesa, mnunuzi anajua akifungua tenga lako hakuna cha kumshangaza.

Ukiwa na nafasi, acha sehemu ya miche yako matunda yaive mpaka yawe mekundu. Utangoja wiki mbili mpaka nne zaidi, na mmea utazaa machache, kwa hiyo usifanye shamba zima. Lakini nyekundu ni tamu zaidi na kwa kawaida bei yake iko juu.

Mezani

Zile 19 zilizofeli hatukuzitupa. Tulitoa za funza na tukakata sehemu zilizooza, nyingine zikaingia kwenye kima na kachumbari. Hiyo nayo ni sehemu ya somo: daraja la pili si takataka, ila lina kazi nyingine na bei nyingine.

Tulipikia kwa yule mama mwenye pesa ya karafuu. Alipoletewa sahani aliukodolea macho ule mchuzi mweupe, akauliza kama ni uji. Akaonja. Akamaliza. Kisha akamgeukia mwanawe: "Hizi ndizo ulizoniambia hazinunuliki?"

Kijana akamjibu, "Hizi zinanunulika, mama. Ni zile nyingine."

Mama akasema, "Basi lima hizi."

Siwezi kuwaahidi kwamba pesa ya bati imerudi yote. Bado. Lakini safari hii kijana kaotesha kitalu kwa tarehe, kanunua mbegu anayoijua jina, na ana daftari lenye kurasa tatu: la kujaza, la kukata, la leo.

Kazi ya nyumbani

Kabla ya kumpigia mnunuzi simu, chukua pilipili boga 10 kutoka shambani kwako bila kuchagua. Choma, menya, jaza. Andika ngapi zimefika mezani nzima na kila iliyoharibika imeharibika kwa nini. Hiyo namba ndiyo hali ya shamba lako kwa kweli. Njoo nayo tunapokutana, tutaanza kuzungumza kutoka hapo.

Na mchuzi wa korosho usiukoleze sukari.